Viroba Kumi na Kimoja vya Tawanda

Roseline Akoth ana shimo la dhahabu Masara, futi mia moja na ishirini kwenda chini, na ana mfanyakazi mmoja wa kigeni: Tawanda, wa kutoka Zimbabwe. Wengine ni wa hapa hapa na wameshazoea kuogopa. Tawanda ndiye anayefunga magogo shimoni ili mwamba usiwaangukie wenzake. Tangu aje, hakuna aliyezikwa kabla ya kufa.

Hapa mchimbaji halipwi mshahara, hulipwa viroba vya mawe. Kiroba chaweza kuwa na karo ya shule ndani, au kikawa na mawe tu. Hakuna ajuaye mpaka kisagwe. Wengine husaga siku hiyo hiyo. Tawanda hakusaga hata kimoja. Alivipanga nyuma ya nyumba yake, kumi na kimoja, na jua likishuka alivilalia akijenga kichwani nyumba kwao Gwanda, chumba kwa kiroba. Kufikia Agosti alikuwa kwenye paa.

Kibali chake cha kazi kilikuwa kinaisha mwezi huo. Roseline alikwenda mjini Migori kuomba kingine, na karani aitwaye Ombati akamweleza kuna kanuni zinapendekezwa: anayemdhamini mgeni aonyeshe anamlipa mshahara usiopungua kiwango fulani. Hazijapita, alisema, ila wakubwa wanataka watu waanze kuzizoea.

Kwenye fomu, penye mshahara wa mwezi, Roseline alikuwa ameandika: viroba vitatu.

"Viroba vya nini, Mama?"

"Vya mawe."

"Serikali haijui kuhesabu mawe."

"Basi ije Masara tuifundishe."

Ombati alicheka, kisha akamrudishia fomu. "Leta tarakimu Ijumaa. Bila tarakimu, huyu anarudi kwao."

Tarakimu ilikuwa ndani ya viroba. Roseline alirudi Masara akamwambia Tawanda avisage.

"Lakini Mama, nikisaga nitajua," Tawanda alisema.

"Ndiyo kazi ya kusaga, omera, ndugu yangu."

"Sitaki kujua."

"Na mimi nachimba dhahabu, sitaki kuja kuchimba watu. Beba."

Alhamisi mashine ilisaga nyumba ya Gwanda, kuanzia jikoni. Vumbi jeupe likatanda likawazeesha wote. Wakawa wanatembea polepole, midomo inasema na sauti haisikiki, kama watu walio chini ya ziwa. Tope likaoshwa kwenye karai. Ikabaki punje kama ya mtama. Kazi ya karibu miezi minne, na haikufika nusu ya mshahara wa mwezi mmoja uliopendekezwa.

"Paa limeanguka," Tawanda alisema.

"Shukuru hukuwa chini yake."

Ijumaa Roseline alijaza kiwango chote. Atakilipa kwa omena, wale dagaa wa ziwani anaowanunua Sori na kuwauza Migori, biashara isiyo na ndoto wala harufu nzuri.

Ombati alisoma mara mbili. "Mama, huyu sasa anakushinda mapato wewe mwenye shimo."

"Mimi nitachukua viroba vyake."

Kibali kikatoka. Tawanda hulipwa kila tarehe tano, na hufunga magogo kwa uso wa mtu wa ofisini. Nyuma ya nyumba ya Roseline sasa kuna viroba sita. Juzi jirani yake, Bitutu, alimkuta amevilalia, akamuuliza atavisaga lini.

"Viache kwanza," Roseline alisema, macho amefumba. "Ndiyo nimemaliza msingi."