Nyumba Haina Matairi

Kwetu mama halali kwenye nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ndiyo desturi, sibishani nayo. Ila chumba cha wageni kule kwangu Kitaji, Musoma, nilimjengea yeye, na kila akija anasifia rangi ya ukuta, anakunywa chai, jioni anarudi zake Butiama. Halafu mdogo wangu akaja kutoka Arusha na gari lenye kitanda, jiko na pazia la maua. Mama akalizunguka, akalipiga tairi teke dogo, akatoa hukumu: "Hii si nyumba. Nyumba haina matairi. Humu nitalala."

Moyo wangu ulichacha kama togwa la juzi.

Mimi si mtu wa safari. Nikifika Mwigobero, hapa hapa mjini, kununua dagaa, najihesabu nimetembea. Lakini walipopanga kwenda kutazama wanyama kupitia Bunda, nilikuwa wa kwanza kupanda.

"Leo kaka umetoka nje?" mdogo wangu akanitania. "Jua lisije likakuunguza."

Tulipofika Bunda akataka gari lipimwe kwenye mizani ya kiwanda cha pamba, na mzigo wote na sisi ndani. Ukipima gari tupu, alisema, unayadanganya matairi. Upepo unajazwa kulingana na uzito yanaoubeba kweli. Wakapima mbele, wakapima nyuma. Mbele safi. Nyuma ilizidi, hata ujaze upepo namna gani matairi yale yasingeweza. Chini ya kitanda mama alikuwa amepakia viazi vitamu, unga wa muhogo na jiwe lake la kusagia, ambalo haliachagi nyuma.

"Tushushe jiwe," nikasema.

"Jiwe linakwenda." Mama akanitazama tumbo. "Wewe baba, si unapendaga kukaa nyumbani?"

Wapakuaji wa pamba walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikashushwa pamoja na gunia la viazi. Gari likapimwa upya, likakubali. Mdogo wangu akajaza upepo, akaandika kwa chaki kwenye kila rimu kiasi kinachotakiwa, wakaondoka. Mimi na viazi tukarudi Musoma kwa basi.

Waliporudi waliegesha uani kwangu. Kwa hiyo mama alilala kwangu, ndani ya gari la mwenzangu, hatua chache kutoka kwenye ukuta anaousifia.

Asubuhi mdogo wangu akanikabidhi kipimo. "Kaka, pima matairi kabla hayajapata joto. Yakiwa sawa, nampeleka Butiama."

Nikachuchumaa nikiomba hata moja liwe limepungua. Yote yalilingana na chaki, kwa ukaidi kabisa.

"Yako sawa," nikatangaza kwa sauti ya mfiwa.

Pazia la maua likasogea. "Pima tena tukishakunywa chai," mama akasema. "Na viazi vyangu ulivyorudi navyo, umeshavichemsha?"