Kuketi Juu ya Sanduku

Juzi, Morogoro Mjini, niliona dukani sanduku la mninga lenye misumari ya shaba. Nilipolifunua, harufu ya kafuri ikanirudisha utotoni, kwenye duka la vitu vya kale, katika mji mdogo wa Uluguruni.

Mama aliniketisha juu ya sanduku kama lile. "Usishuke, mtu asije akalichukua." Akabishana bei na mzee mwenye duka, akasusa, akatoka zake.

Sikujua kuwa kususa ni sehemu ya biashara. Nilijua nimeachwa, na kushuka nimekatazwa. Saa za ukutani zilikuwa tisa. Nikazihesabu tena, tisa, kila moja na wakati wake.

"Shikamoo, babu," nikasema huku nalia. "Na mimi nauzwa?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ni nyongeza."

Nikaangua kilio. Mzee akakimbilia mlangoni. "Mama, rudi! Chukua kwa bei yako, huyu anafukuza wateja!"

Njiani mama alicheka mpaka akaketi. "Ungelia mapema, tungepata na saa."

Juzi nami nilisusa, nikatoka polepole. Hakuna aliyeniita. Sikuwa nimeacha mtu wa kulia.