Mbuzi Niliyemwita Mboloko

Mwaka wa 1975 nilikuwa na miaka kumi, na taabu ikaanza. Baba alikufa kule Burungu, baba wadogo wakachukua shamba, na miye nikaacha masomo mwaka wa tatu wa primaire, siku ileile mwalimu alipoanza kugawanya. Mpaka leo sijui kugawanya. Kuzidisha najua, na imenitosha.

Nilibeba maharagi mugongoni toka milima ya Masisi mpaka kwenye pori la Walikale, miaka na miaka. Kule nikapata muke. Watu wake ni wawindaji, na kwao kijana anayeoa analetea mama mukwe mapaja ya nyama ya pori. Miye nilileta gunia la maharagi. Mama mukwe aliliangalia, akaingia nyumbani, na toka siku ile jina langu likawa "ule wa maharagi".

Hakuniita hivyo mbele ya uso. Desturi inakataza mukwe na mama mukwe kusemeshana, ao kuonana wakikula. Nyumba zetu ziliachana kwa uzio wa matete tu, basi alikuwa akimwambia kuku wake.

"Wewe kuku, ambia ule wa maharagi, paa lake linavuja."

Na miye, upande wangu, nilijibu jembe: "Wewe jembe, nitatengeneza kesho."

Tuliishi hivyo vizuri sana, zaidi ya miaka makumi matatu.

Juu ya kijiji kuna kilima kimoja cha pori. Mababu wa mama mukwe walizikwa pale, na tangu zamani wazee walikataza kutega pale. Halafu watu wa mazingira wakafika toka Goma na karte, ile ramani yao, wakapiga mustari kuzunguka kilima kilekile, wakatuambia wamekigundua. Tuliwapigia mikono, maana walikuja na soda. Ikaundwa komite ya kulinda pori, na miye nikachaguliwa prezida kwa sababu mbili: nasema bila kuogopa mutu, na sijaua munyama wa pori, hata panya. Sheria tuliandika moja: anayetega juu ya kilima anatoa mbuzi muzima.

Mwaka juzi binti yangu wa mwisho alikuwa anaolewa siku ya posho, njo jumamosi, na kijana wa Kirotshe. Kwa watu wa muke wangu, binti hatoki nyumbani mpaka nyanya yake atie maji kinywani na kumutemea kifuani, njo baraka. Ilipobaki siku mbili, asubuhi, nikasikia sauti ya mama mukwe nyuma ya matete.

"Wewe kuku, ambia ule wa maharagi, maji yangu hayatatoka kinywani kama sijakula nyama ya pori toka mukono wake. Ile ya ndoa yake naingojea mpaka sasa."

Binti yangu akasikia, akakaa chini. "Papa, bila maji ya nyanya miye siende." Na wakwe wa Kirotshe walikuwa tayari njiani.

Nyama ya pori ningeinunua wapi, prezida muzima? Nikachinja mbuzi. Sikumuchuna. Nilimuchoma manyoya motoni kama wawindaji wanavyofanya mboloko, ule paa mudogo wa pori, nikamukata vipande vidogo, na muke wangu akamukausha kwa moshi wa kuni za pori mpaka akawa mweusi kama chungu. Kichwa na kwato nikazika, maana kwato ya mbuzi hata kipofu anaijua.

Kosa langu ni kwamba nilifanya vizuri mno. Kesho yake muchana, muke wangu alipokuwa amekwisha kumupelekea mama yake sahani, komite yangu yote ilisimama mulangoni. Walikuja na fundi wa kuwinda, ule niliyemutoza mbuzi mwezi uliopita.

"Papa Prezida, tunasikia harufu ya mboloko kwako."

"Pua yako iko na ugonjwa."

"Pua yangu njo ilinilisha tangu utoto. Weye ulilishwa na maharagi."

Akafunua chungu, akatia kipande kinywani, akafunga macho. "Ni mboloko," akasema. "Tena wa juu ya kilima, ule anakula matunda." Wote wakamuamini, kwa sababu hakuna mutu anayejua nyama kumupita.

Nyuma ya matete nikasikia mama mukwe ameacha kutafuna. Nikisema ni mbuzi, binti yangu anabaki nyumbani. Nikisema ni mboloko, kiti changu kinakwenda. Na ule fundi akawaambia wenzake: "Kama prezida anatega kule, kesho na siye tunapanda." Hapo moyo uliniuma. Juma lililopita nilikuwa nimeona gorila jike kule juu na mutoto kifuani, mukono wake mudogo kama wa mutoto wa mutu. Waya wa mutego unakata mukono kama ule. Lakini binti yangu alikuwa anangojea maji yake.

"Ni mboloko," nikasema. "Nilimutega miye mwenyewe."

"Na waya gani?"

"Na kamba."

"Kamba gani?"

"Ya kufungia magunia."

Hata waliocheka waliandika kosa langu. Wakachukua mbuzi mumoja wa faini, wakachukua kashe ya komite, ule muhuri wa prezida, wakaenda.

Posho asubuhi mama mukwe alitoka na kuku kwapani. Akamutemea binti yangu maji kifuani, polepole, mpaka tone la mwisho. Halafu akageukia watu wote.

"Wewe kuku, ambia hawa watu. Jana nilikula mbuzi. Nilijua toka mufupa wa kwanza. Nilinyamaza nione ule mukwe wangu atafanya nini, na yeye akakubali kuitwa mwizi ili mutoto apate maji. Deni la nyama limekwisha. Na atakayepanda kutega mahali mababu wangu wamelala, maji bado iko ndani ya kikombe, na haitakuwa ya baraka."

Watu wakamuangalia fundi wa kuwinda. Akajikuna shingo. "Hata hivyo," akasema, "ilikuwa mbuzi aliyeishi karibu na pori."

"Na chumvi ilizidi," mama mukwe akamwambia kuku.

Hakuna aliyepanda kilimani kutega. Kashe wakanirudishia siku ileile. Mbuzi hawakurudisha, komite ilikuwa imekwisha kumula.

Leo niko na nyumba ya mbao yenye mabati, mashamba mawili ya maharagi na moja la mihogo, mbuzi saba, ng'ombe mumoja anayechungwa na rafiki kule Mushaki, chukudu moja ya mbao ya kusukumia mizigo, radio moja na koti la mvua. Kashe ni ya kijiji, nailinda tu.