Chupa ya Wazee na Chupa ya Mama

Kule Magongo, Maxwell Wafula alijulikana kwa mambo mawili: kazi yake ya ofisini kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na pua yake. Pua hiyo aliiingiza ndani ya bilauri kabla hajanywa mvinyo, akafumba macho, akasema anasikia harufu ya matunda meusi. Matunda gani, hakuna aliyethubutu kuuliza. Ila alikuwa na desturi moja ndogo: kabla pua haijaanza kazi, aliuliza chupa imenunuliwa bei gani. Ikiwa ghali, matunda yalinukia. Ikiwa rahisi, alikunja uso akasema hiyo ni dawa ya kikohozi. Mtaalamu hafundishwi kazi.

Basi mtaalamu akapenda. Alimpenda Kafedha, binti wa mgema Nguma wa Mwakirunge, kule Kisauni, akampenda kwelikweli hata usingizi ukamruka. Kafedha alimwambia siku ya posa apeleke mnazi, ile pombe ya kugema, kwa kuwa kwao posa haizungumzwi bila mnazi, na wazee hawanywi mpaka binti aulizwe mbele ya watu kama wanywe. Akisema wanywe, amekubali mume. Akisema wasinywe, mgeni huaga.

"Mnazi? Kwa mtu anayegema mwenyewe?" Maxwell alicheka. "Wacha niwaonyeshe wazee kitu cha maana."

Akaenda na mjomba wake na chupa mbili. Moja ya bei ya kutisha, ya wazee. Nyingine ya bei ya chini kabisa, ya mama mkwe na wanawake wa jikoni, kwani, alimweleza mjomba njiani, ulimi wa mama wa shamba utajuaje? Hekima iliyoje! Ada ya shule haikwenda bure.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni."

Maxwell hakungoja kuulizwa. Akazibua, akawamiminia wazee vikombeni, akaeleza. "Hii ni ya wazee, bei yake si mchezo. Hiyo nyingine ni ya kina mama, ya kawaida tu."

Dhahabu, mamake Kafedha, alikuwa akipepea makaa hapo karibu, akasikia kila neno. "Ahsante, mwanangu," akasema, akaendelea kupepea.

Nguma akaita. "Kafedha!"

"Abee, baba."

"Mgeni katuletea kinywaji. Hebu twambie mwanangu, tunywe?"

Kafedha alichukua vikombe viwili vya bati, akawapa watu mgongo, akamimina mvinyo wa chupa moja huku na wa chupa ya pili huku, akampa Maxwell vyote viwili. "Tuonyeshe cha wazee."

Loo, mtaalamu alivyofurahi! Akazungusha, akaingiza pua, akafumba macho. Sasa bei amwulize nani? Akaonja hiki, akaonja kile, akarudia hiki, jasho likamtoka. Mwishowe akainua cha mkono wa kulia. "Hiki hapa. Matunda meusi hayajifichi."

"Hicho ni cha mama," Kafedha akasema.

Wazee walicheka mpaka wakashika mbavu. "Kumbe mkwe kamheshimu mke wangu kuliko mimi!" Nguma akasema huku akifuta machozi. Dhahabu naye akacheka. Maxwell akacheka pia, akidhani yamekwisha.

Kafedha hakucheka. "Baba, msinywe," akasema. "Bei ya mvinyo haijui mpaka aambiwe. Lakini alimpangia mamangu bei kabla hata hajamwona."

Vikombe vikarudi mkekani, kimoja baada ya kingine. Nguma, mtu wa heshima zake, alimpa mgeni chupa ya mnazi wa njiani. Maxwell akainywa peke yake sebuleni Magongo, chupa mdomoni, bila bilauri wala pua. Ulikuwa mtamu kuliko chochote alichowahi kununua. Akalia.