Mfereji Ulioshika Buti Langu

Nilipokuwa mtoto, bibi yangu aliishi nasi Fridley, ughaibuni, kama mfungwa. Hakuna aliyemfungia. Ila hakujua Kiingereza, hakuendesha gari, na nje kulikuwa na theluji. Alikuja kunilea kwa miezi michache. Baba akawa anamwongezea muda. Kila alipouliza lini atarudi Kerio, Kenya, Baba, aliyefanya shifti mbili kwenye nyumba ya wazee, alijibu, "Tutaongea, Mama."

Theluji ilipoanza kuyeyuka Baba alitupeleka kwenye magofu ya vinu vya unga, kando ya mto Mississippi. Pale pana mfereji wa zamani wa mawe, unaolindwa kisheria. Kogo, ndivyo nilivyomwita bibi, alipouona alichangamka. Kwao maji hufika mashambani kwa mifereji iliyochimbwa na mababu. Aliyekosana na mzazi wake havuki mfereji. Akivuka, mfereji humshika mtoto wake.

"Usivuke," alimwambia Baba. "Mimi na wewe hatujamaliza."

"Mama, huu ulichimbwa na Wazungu."

"Kwani maji yanamjua Mzungu?"

Baba alicheka, akaruka. Nikamfuata. Sikufika. Mguu uliingia katikati ya mawe, tope likanifika gotini. Baba alivuta, nikapiga kelele. Akavuta tena. Buti halikusogea. Maji ya barafu yalijaa ndani, nikaacha kuhisi vidole.

Kogo alisimama ukingoni, mikono mfukoni.

"Mama, nisaidie!"

"Sema kwanza."

"Niseme nini? Mtoto anaganda!"

"Unajua."

Baba alinitazama, kisha akamtazama yeye. "Shule zikifungwa, utaenda nyumbani."

"Unasema mbele ya maji?"

"Mbele ya maji, Mama."

Ndipo aliposhuka, akazamisha mkono topeni, akafungua kamba za buti. Mguu ukatoka. Buti likabaki.

Shule zilipofungwa, aliondoka. Baba husema mfereji ulinishika. Mimi nakumbuka zile kamba. Sikuwahi kumuuliza Kogo kama aliamini. Nadhani aliamini, na kamba pia alizijua.

Sasa Baba amestaafu, tunaishi naye Columbia Heights, jirani na Fridley, na anamlea mwanangu nikiwa kazini. Juzi aliuliza tena lini atakwenda Kerio.

"Tutaongea, Baba," nilisema.

Hakubisha. Alisema tu kwamba theluji imeanza kuyeyuka, na Jumapili angependa tutembee mtoni, kule kwenye mfereji, mimi, yeye na mtoto.