Ndevu za Kaisari

Wivu ndio ulionisemesha, nakiri. Padre wetu hapa Geita ana sarafu za shaba za majimbo ya Roma ya kale, na alitaka karani mmoja wa kuandika sura zilizochorwa juu yake ni za nani. Kazi hiyo niliitamani mno. Mwenzangu Masanja huzitambua sura hizo kwa kutazama umbo la pua tu, wala hajivuni, lazima niseme kweli. Jana padre alipotoa moja yenye kutu, nikamwahi Masanja: "Kaisari mzee huyu, Padre. Tazama ndevu!"

Padre akaikwangua kwa ukucha. Ndevu zikadondoka mezani, kikabaki kidevu laini na nywele zilizosukwa.

Masanja akaiinamia sarafu. "Shikamoo, mama," akasema.

Padre akacheka hadi machozi, akamsogezea yeye kalamu.