Ng'ombe Ilivyomshinda Bro Umaarufu

Zamani ukitaka kujulikana kwa kuimba, ulizunguka makanisa ya Kitengela na begi ya CD mpaka waumini wakikuona wanajificha. Bro yangu alikuta hiyo kazi imeisha. Siku hizi ni video. Yeye alikuwa na wimbo moja ya mapenzi, mimi niko na simu ya kamera safi, basi tukajiita kampuni.

Mama hakuwa na shida na wimbo. Alisema tu, Krismasi ikifika kama hakuna mtu amemwita kuimba hata kwa harusi, bro ataenda kwa kwari kubeba mawe na mjomba.

Kwetu kwa ploti huwezi shuti video, kila ukuta iko na nguo zimeanikwa. Tukaenda Kajiado. Kando ya barabara tukapata dume kubwa ya ng'ombe, nyekundu na madoa nyeupe, imesimama peke yake kama ilikuwa inatungoja. Bro akasimama mbele yake, akafunga macho, akaimba.

Video ikaangaliwa na watu wengi. Nikafungua komenti nimsomee. Mmoja amesifu nundu. Mwingine anauliza kama inauzwa. Mwingine ameangalia alama ya masikio akajua ni ng'ombe ya nani. Kuhusu bro, mtu ameomba asogee kidogo.

"Soma ingine," bro akasema.

"Ingine inasema usogee zaidi."

Tulikuwa tumeweka namba ya mialiko. Simu ya kwanza ilitoka kwa mwenye ng'ombe. Hakugombana, alisema tu twende kwake Jumamosi. Bro akakosa usingizi, akijiona ameshikwa kama mwizi wa mifugo.

Mwenye ng'ombe alikuwa mzee Mmaasai. Tulipofika tukainamisha vichwa atuguse, vile watoto kwao husalimia wazee. Akatupa chai kwanza. Halafu akamwuliza bro, "Ulisimama mbele ya ng'ombe yangu ukaimbia msichana. Huyo msichana alikuwa hapo?"

"Hapana, mzee."

"Na ng'ombe?"

"Ilikuwa."

"Si ungeimbia mwenye alikuwa."

Akatueleza kwao ng'ombe huimbiwa, rangi yake na pembe zake, haisimamishwi tu nyuma ya mtu kama ukuta. Tukaenda naye kwa boma. Akawa anampa bro maneno ya Kimaasai polepole, bro anayaimba na ile ile sauti yake ya mapenzi. Mimi nikashuti.

Tukaposti hiyo. Wafugaji wakaanza kutumiana. Lakini hakuna mwenye alipiga simu, na Desemba ikafika, mjomba akamletea bro gambuti za kwari. Alikuwa anazijaribu simu ikalia. Ni mzee mwingine, wa Ewuaso Kedong, anaoza msichana wake, anatafuta yule kijana wa ng'ombe nyekundu aje aimbe.

Bro akasema atafika.

"Utakuja na ng'ombe?" mzee akauliza.

Bro akaniangalia. "Hapana, mzee. Ni mimi tu."

"Sawa," mzee akasema. "Kuja hivyo tu."